Mwongozo Kamili wa Safari ya Urithi wa Wayahudi: Nairobi, Uasin Gishu na Mbale

Anayetaka kufuatilia urithi wa Wayahudi kwa miguu yake mwenyewe kwa kawaida huelekezwa Jerusalem, Kraków au Vilnius, na ushauri huo hauna kosa. Iko hata hivyo njia nyingine, ya takribani kilomita 500 za barabara, inayoanzia katikati ya jiji la Nairobi na kuishia kwenye kilima chenye migomba na mibuni nje ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Njia hii inakutanisha majibu matatu ya swali moja: mtu huwaje Myahudi? Nairobi inajibu kwa habari za watu waliozaliwa Wayahudi wakahama au wakakimbia. Uwanda wa Uasin Gishu unajibu kwa mpango wa kisiasa uliokusudia kuwapa Wayahudi nchi na ambao haukutimia. Mbale inajibu kwa habari za Waafrika waliosoma Biblia, wakafanya uamuzi, na wakaushikilia uamuzi huo kwa zaidi ya miaka 100.

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye babu au bibi yake alipitia Kenya, na unamfaa vilevile asiye na damu ya Kiyahudi lakini ambaye swali hilo linamvuta. Hatua zinafuatana kwa mpangilio ambao ningeushika mwenyewe, na siku nyingi zaidi nimeziwekea Mbale kwa makusudi.

Hatua ya kwanza: amua unatafuta nini

Kabla ya kununua tiketi, andika kwenye karatasi sentensi moja inayotaja unachokitafuta. Anayetafuta kaburi la mtu wa ukoo wake anahitaji majalada, tarehe na ruhusa. Anayetafuta historia ya wazo la taifa la Wayahudi katika Afrika anahitaji ramani na muda wa kusoma. Anayetaka kujua jinsi watu wanavyoiishi imani hiyo leo anahitaji mwaliko na subira. Ukizichanganya haja hizi bila kujua, utafika sinagogini ukiwa na maswali ya hifadhi ya nyaraka, na utafika kwenye hifadhi ya nyaraka ukiwa na maswali ambayo ni mzee wa jumuiya pekee angeweza kuyajibu.

Hatua ya pili: tafuta karatasi kabla ya kutafuta mahali

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha safari yenye mavuno na matembezi ya kawaida. Anza nyumbani. Waulize wazee wa ukoo majina kamili, mji waliotoka na mwaka waliowasili, kisha uandike kila tahajia utakayoisikia. Jina moja la ukoo linaweza kuonekana kama Cohen katika cheti cha Kiingereza, Kohn katika cha Kijerumani na Kagan katika cha Kirusi. Miji nayo ilibadili majina kila dola mpya ilipoingia: Vilna, Wilno na Vilnius ni mji mmoja, kama vile Lemberg, Lwów na Lviv.

Kwa familia zilizokimbia utawala wa Hitler, mahali pa kuanzia ni Arolsen Archives nchini Ujerumani, ambako kumehifadhiwa nyaraka zinazowahusu watu wapatao milioni 17.5, na sehemu kubwa ya nyaraka hizo husomwa bila malipo kwenye intaneti. Tovuti ya JewishGen husaidia katika nasaba, hasa za Ulaya ya Mashariki. Mawasiliano ya serikali ya kikoloni kuhusu Kenya yamo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa majalada unaoitwa CO 533. Huko Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa imo katika jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue. Msomaji hujiandikisha, hulipa ada na kupewa nafasi katika chumba cha kusomea. Tenga siku mbili nzima kwa kazi hiyo, kwa maana siku ya kwanza aghalabu huishia katika kujua jalada lipi uliombe siku ya pili.

Usishangae ukikuta jina la mkimbizi katika orodha ya maadui. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wayahudi wenye pasipoti za Kijerumani walihesabiwa na Waingereza kuwa raia wa nchi adui, na wanaume wengi wakawekwa kizuizini pamoja na Wajerumani wengine, wakiwemo waliounga mkono utawala uleule uliozifukuza familia za Wayahudi hao majumbani. Jalada la aina hiyo linachoma moyo, lakini kwa mtafiti lina faida, kwa sababu serikali humwandika kwa kina mtu inayemshuku.

Hatua ya tatu: panga tarehe kwa kalenda ya Kiyahudi

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua. Msomaji aliyelelewa pwani hapati taabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa wazee wetu nao walihesabu hivyo: magharibi ikishaingia, siku mpya imeanza. Kwa hiyo Sabato huingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi usiku nyota zikishaonekana. Huku karibu na ikweta wakati wa jua kutua hubadilika kwa takribani nusu saa tu kwa mwaka mzima, tofauti na London, ambako mwezi wa Desemba Sabato huingia kabla ya saa kumi alasiri na mwezi wa Juni jua huchelewa kutua hadi saa tatu usiku. Ukijipangia kuwa umekwisha kuoga, umevaa na umetulia kufikia saa kumi na mbili kamili jioni, hutakosea mwezi wowote.

Lenga kuwa Mbale siku ya Ijumaa. Sikukuu hufuata kalenda ya mwezi inayorekebishwa ili isiachane na majira, na ndiyo sababu tarehe zake hupanda na kushuka: Pasaka ya Kiyahudi huangukia Machi au Aprili, Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho Septemba au Oktoba. Siku ya Upatanisho ni ya kufunga tangu jioni hadi jioni, na si siku ya kumpelekea mtu maswali ya utafiti. Sikukuu ya Vibanda, inayofuata siku chache baadaye, ni ya furaha na inampokea mgeni vizuri zaidi. Fikiria pia mvua. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za udongo kwenye miteremko ya Mlima Elgon huteleza kiasi cha kumshinda hata dereva wa boda boda mwenyeji.

Hatua ya nne: hati za kusafiria

Mkenya huvuka kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania achukue pasipoti. Wageni kutoka nje ya ukanda wanaweza kutumia viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, inayogharimu dola 100 na kudumu siku 90. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika Uganda. Njia fupi ni kupitia Eldoret, Webuye na Bungoma hadi mpaka wa Malaba, kisha Tororo na Mbale.

Hatua ya tano: Nairobi

Jumuiya ya Kiebrania ya Nairobi iliundwa mwaka 1904, wakati jiji lenyewe lilikuwa bado kambi ya reli yenye mabati na matope. Sinagogi la kwanza lilifunguliwa mwaka 1913, na jengo linalotumika leo, kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway, ni la katikati ya miaka ya 1950. Usifike langoni bila taarifa. Andika angalau wiki mbili kabla, ujieleze, uambatishe nakala ya kitambulisho, na utaje kama unaomba kuhudhuria ibada au kutazama jengo tu. Ulinzi ni mkali, na sababu zipo: hoteli ya Norfolk, iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, ililipuliwa kwa bomu tarehe 31 Desemba 1980, na mwezi wa Novemba 2002 hoteli ya Waisraeli huko Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ilishambuliwa. Mlinzi akikuuliza maswali mengi, yajibu bila kununa.

Ibada hufuata utaratibu wa Kiothodoksi, yaani wa tawi la Uyahudi linaloshika sheria za kale kwa ukamilifu. Wanaume hufunika kichwa kwa kofia ndogo, wanawake hukaa upande wao, na sala kamili za pamoja hungoja watu wazima wanaume kumi. Simu izimwe kabisa, kwani siku ya Sabato kuwasha kifaa cha umeme, kuandika na kupiga picha ni kazi iliyokatazwa, na mgeni hapaswi kuifanya mbele ya wenyeji hata kama yeye mwenyewe hafungwi na sheria hiyo.

Baada ya sinagogi, tembea hadi Norfolk kwenye Barabara ya Harry Thuku, kwa sababu jengo moja hili limebeba tabaka kadhaa za historia. Lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1904. Mwaka 1927 lilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyefika mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini, na ambaye husimuliwa kuwa katika siku zake za ufukara alishona magodoro ya nyasi kavu na kuyauza katika hoteli ileile. Mbele ya jengo hilo hilo, Machi 1922, Waafrika waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi. Mtafuta urithi wa Wayahudi wa Kenya atakutana na jambo hili kila mahali: Wayahudi hawa waliokimbia kudharauliwa Ulaya walipofika huku walihesabiwa miongoni mwa walowezi Wazungu, pamoja na faida zote za daraja hilo. Safari inayoficha jambo hili ni ya mapambo tu.

Makaburi yanahitaji ruhusa ya jumuiya. Ukifika, weka kijiwe juu ya kaburi, kwani kwa desturi yao maua hayawekwi. Soma jiwe kwa makini. Maandishi ya Kiebrania humtaja marehemu pamoja na baba yake kwa neno “ben”, ndugu wa “bin” tuliyoizoea sisi, na kwa hiyo jiwe moja hukupa vizazi viwili. Mwaka wa Kiebrania aghalabu huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, na elfu huachwa. Ukipata 699, ongeza 1240, utapata 1939. Kwa vifo vya miezi ya vuli, kabla ya Januari, punguza mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wao huanza Septemba au Oktoba.

Hatua ya sita: uwanda wa Uasin Gishu

Toka Nairobi asubuhi. Ukipita Gilgil, kumbuka kwamba mwaka 1947 Waingereza walileta hapo mamia ya wafungwa wa makundi ya siri ya Kiyahudi waliopigana nao Palestina, baada ya kuwaweka kwanza Eritrea na Sudan. Mmoja wao, Meir Shamgar, aliyesoma sheria kwa njia ya posta akiwa kizuizini, baadaye alikuwa Rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli. Waliachiliwa Julai 1948, Israeli ikiwa imekwisha kuzaliwa.

Baada ya Nakuru barabara hupanda, hewa hupoa, na mashamba ya ngano na mahindi huenea hadi upeo wa macho. Hii ndiyo nchi ambayo Wayahudi walipendekezewa. Mpango huo huitwa “Mpango wa Uganda”, na jina hilo limewapoteza wengi. Eneo lilikuwa limehamishwa kutoka Uganda kwenda Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, na leo liko Kenya. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipita kwa reli mwishoni mwa mwaka huo, akaona baridi na nafasi, na mwaka 1903 akampa wazo hilo Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe. Aprili mwaka huohuo Wayahudi waliuawa kwa ghasia mjini Kishinev, hivyo haja ya mahali pa kukimbilia haikuwa nadharia. Mwezi wa Agosti mkutano mkuu wa Wazayuni uliofanyika Basel ulikubali, kwa kura 295 dhidi ya 178, kutuma tume ya kukagua nchi, na wajumbe kutoka Urusi wakatoka nje kwa uchungu.

Tume ilikuwa ya watu watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza. Alfred Kaiser, Mswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Walizunguka uwandani mwanzoni mwa mwaka 1905, na Wilbusch ndiye aliyerudi na taarifa yenye kukatisha tamaa kuliko wenzake. Walowezi Wazungu, Lord Delamere akiwa mbele, walikuwa wamekwisha kupinga kwa sauti kubwa. Julai 1905 mkutano ukakataa, Herzl akiwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kuanzia mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini ndio waliogawiwa mashamba hapo. Leo uwanda huo ni ghala la nafaka la Kenya.

Hakuna mnara wala kibao cha kukueleza haya, kwa hiyo beba ramani ya zamani na usimame kando ya barabara karibu na Eldoret. Kisha fanya jambo ambalo waongozaji wengi hawalifanyi: panga siku moja ya kwenda Nandi Hills, kwenye makumbusho ya Koitalel arap Samoei. Nchi haikuwa tupu. Jina la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliolisha mifugo hapo, na Wanandi walikuwa vitani na Waingereza miaka hiyohiyo. Koitalel aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, miezi mitatu tu baada ya kura ya pili ya Basel. Wajumbe wa Basel hawakumjadili.

Hatua ya saba: Mbale na Abayudaya

Kutoka Mbale mjini hadi kilima cha Nabugoye ni mwendo mfupi kwa taksi au boda boda. Abayudaya, jina la jumuiya ya hapo, ni neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi, na mzungumzaji wa Kiswahili analielewa bila mkalimani. Omba mapema nafasi katika nyumba ya wageni ya jumuiya, kwa sababu hakuna kupanda chombo siku ya Sabato, na anayelala mjini Ijumaa hujikosesha ibada ya asubuhi au humlazimisha mwenyeji kufumba macho.

Mwanzo wa jumuiya hii ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewashindia Waingereza nchi za mashariki akitumaini kufanywa mfalme wake. Hawakumpa. Akajitenga nao, akajiunga na dhehebu la Bamalaki, lililoshika Jumamosi na kukataa dawa, na kadiri alivyosoma Torati ndivyo alivyozidi kuuliza kwa nini amri zake hazishikwi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Husimuliwa kwamba wenzake walimwambia tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka uliofuata msafiri mmoja Myahudi aliyeitwa Yosef alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda, sala na sheria za chakula. Kakungulu alifariki Novemba 1928, na kaburi lake liko karibu na mji. Omba mwenyeji akupeleke.

Idi Amin alipiga marufuku ibada zao, sinagogi zikafungwa, wengi wakabadili dini, na mia chache zilizobaki zikasali kwa siri. Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani, ikaingia. Msomaji wa Tanzania ambaye jamaa yake alikuwa katika vita vile asisite kulitaja jambo hilo akiwa Nabugoye. Wazee wanaijua tarehe hiyo bila kuangalia kitabu.

Mwaka 2002 marabi wa Konsavativu, tawi la Uyahudi lisilo kali kama la Kiothodoksi, walikuja wakawapokea rasmi wapatao 400. Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee wa jumuiya, alisomea Los Angeles, akatawazwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka huohuo sinagogi jipya la Stern likazinduliwa kilimani. Si wote wanafuata njia moja. Kijiji cha Putti kimeshika Uothodoksi, ilhali Nabugoye wanawake husoma Torati mbele ya watu. Ukiwa na nafasi, tembelea pande zote mbili, na usibebe maneno ya upande mmoja kuyapeleka mwingine.

Swali ambalo usiliulize ni kama wao ni Wayahudi “wa kweli”. Wameulizwa na marabi, na maofisa wa Israeli, na waandishi wa habari, na jibu bado linagombaniwa katika ofisi zisizokuhusu. Uliza badala yake jinsi mtoto anavyofundishwa Kiebrania katika nyumba inayozungumza Kiganda au Lugwere, nani alitunga mahadhi ya zaburi unayoisikia, au Pasaka huandaliwa vipi. Utapata majibu ya saa nzima.

Kuhusu zawadi na chakula, mwiko ni nguruwe, nyama kuchanganywa na maziwa, nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wao, na kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba. Kwa lugha ya sokoni, sato na sangara ni halali, kambare si halali kwa kuwa hana magamba, na anayetoka pwani asahau kamba, kaa, ngisi na pweza. Usibebe chakula kilichopikwa. Sukari, majani ya chai, daftari za shule au mchango uliotolewa kwa kiongozi mbele ya mashahidi vinafaa zaidi.

Ukipenda kahawa, uliza habari za Mirembe Kawomera, yaani “amani tamu”, ushirika ulioanzishwa mwaka 2004 na J. J. Keki ukawaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa miteremko hii. Mavuno huwa makubwa miezi ya mwisho ya mwaka.

Hatua ya nane: kuondoka

Sabato hutoka Jumamosi usiku kwa ibada fupi ya mshumaa uliosokotwa, divai na manukato. Kaa hadi mwisho. Kamera sasa inaruhusiwa, lakini omba kwanza, hasa panapokuwa na watoto. Katika saa hiyo ya utulivu, kabla hujalala, andika kila ulichokisikia tangu Ijumaa, kwa maana muda wote huo hukuruhusiwa kushika kalamu na kumbukumbu huchanganyika haraka. Weka basi la kurudi siku ya Jumapili asubuhi, wala usimwahidi dereva Jumamosi usiku. Picha ulizowaahidi wenyeji zitume zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, pamoja na nakala ya nyaraka yoyote ya Nairobi au Kew inayotaja jina la Kakungulu au la mtu wao.